Pumzi Kwanza, Shida Baadaye: Nairobi Inavyojifunza Kutulia

Saa saba mchana, Bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi huwa hapana pa kutia mguu. Upande mmoja mhubiri anapaza sauti hadi mishipa ya shingo inamsimama; upande wa pili wazee wanabishana siasa. Kwenye nyasi wamejilaza watu waliofunika nyuso kwa magazeti. Kuna makarani wanaojiibia dakika chache za usingizi kabla ya kurudi ofisini, na kuna vijana waliozunguka tangu asubuhi na bahasha za vyeti, ambao chakula chao cha mchana ni hewa. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alipowapa wakazi bustani hii mwaka 1906, Nairobi ilikuwa kambi ya reli iliyoanza kujiona mji. Leo ni mojawapo ya sehemu chache za katikati ya jiji ambapo mtu anaweza kulala chali bila kuulizwa amelipa ngapi.

Ila kulala chali si kupumzika. Watazame vizuri: taya limekazwa, mkono umeng'ang'ania simu, kope zinachezacheza. Mwili uko Jeevanjee, akili iko kwa landilodi.

Yanayoipeleka akili huko kila mkazi anayajua. Mshahara, juu ya kodi ya mapato, unakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Fuliza, huduma ya kukopa kupitia M-Pesa iliyoanza mwaka 2019, inajilipa yenyewe pindi pesa zinapoingia kwenye simu. Kuna karo, kuna mgonjwa kijijini. Jioni kuna Waiyaki Way. Pale Westlands magari ya wenye nazo yanapita juu, kwenye barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo iliyofunguliwa mwaka 2022. Chini yake abiria wa Kangemi, Uthiru na Kinoo wamebanana kwenye matatu, honi mbele, honi nyuma. Anayekaa Kilimani akifika nyumbani anapokewa na muziki wa vilabu. Malalamiko yalizidi hadi Novemba 2022 serikali ya kaunti ikapiga marufuku vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi.

Nairobi ina dawa zake za kutoa stress: chupa, ibada za mchana, mpira wa Uingereza, kukimbia alfajiri. Miaka hii imeongezeka nyingine. Katika majengo ya ofisi ya Westlands, Kilimani na Lavington wapo wataalamu wanaomkalisha mteja kwenye kiti cha kuegemea, wakamwongoza kwa sauti ya chini hadi akatulia, kisha wakazungumza na hofu zake. Tiba hiyo ni hipnosisi, na kikao kimoja hugharimu maelfu ya shilingi. Maswali ni mawili. Je, inafanya kazi? Na je, ni lazima mtu awe wa Lavington ndipo atulie?

Nyani wa Maasai Mara

Sayansi ya msongo wa mawazo ina deni kwa Kenya. Kuanzia mwaka 1978, Robert Sapolsky, Mmarekani aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alirudi Maasai Mara mwaka baada ya mwaka kuchunguza nyani. Aliwalenga kwa vishale vya dawa ya usingizi alivyovipuliza kwa bomba, akawatoa damu na kuipima homoni. Alichokuta kinamhusu mtu wa mjini. Nyani wa Mara hahangaiki sana kutafuta chakula, kwa hiyo muda unaobaki anautumia kumsumbua mwenzake. Katika kundi ambalo vyeo vimeshatulia, dume la ngazi ya chini, linalopigwa na kufukuzwa bila kujua saa wala sababu, ndilo lililokuwa na kotisoli, homoni ya msongo, nyingi hata siku ambayo hakuna aliyeligusa.

Kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1994 kinauliza kwa nini punda milia hapati vidonda vya tumbo. Simba anapomkurupua punda milia, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia miguuni, tumbo linasimamisha kazi. Baada ya dakika chache ameliwa au ameokoka, na akiokoka anainamisha kichwa na kuendelea kula nyasi. Binadamu hana haja ya simba. Ujumbe wa kudaiwa mkopo wa simu ukiingia saa nne usiku, mwili unajiandaa kukimbia vilevile, nao umelala kitandani. Kesho asubuhi unajiandaa tena kwa sababu ya bosi, jioni kwa sababu ya foleni. Mwili ulioumbwa kwa mbio za dakika tatu unakesha tayari juma zima. Shinikizo la damu linapanda, usingizi unapaa, tumbo linavuruga.

Bahati nzuri mwili huo huo una njia ya kurudi. Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, alichapisha mwaka 1929 kitabu kilichofundisha watu kukaza kundi moja la misuli baada ya jingine na kuliachilia, hadi wajue kwa hisia tofauti ya msuli uliokazwa na uliolegea. Baadaye Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, akaeleza kwamba mambo mawili yanatosha kuutuliza mwili: kurudia neno, sauti, sala au mwendo mmoja, na kutojisumbua na mawazo yanayopita. Neno lenyewe mtu achague. Hapo ndipo mama mwenye rozari kwenye Basilika ya Familia Takatifu na mzee mwenye tasbihi kwenye Msikiti wa Jamia wanapokutana na maabara ya Harvard, ingawa wao wanatafuta kikubwa zaidi ya mapigo ya moyo kushuka.

Ndani ya chumba chenye kiti cha kuegemea

Hipnosisi imejengwa juu ya utulivu huohuo, ila jina lake liliharibiwa mapema. Mwishoni mwa karne ya 18 daktari Franz Anton Mesmer aliwakusanya matajiri wa Paris akidai kuwaponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo ndani ya viumbe. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya wasomi, Benjamin Franklin akiwa mmoja wao. Tume ikasema sumaku hiyo haipo. Kilichowaponya wagonjwa ni fikra zao wenyewe. Hukumu iliyokusudiwa kuizika tiba hiyo ndiyo iliyoonyesha mahali pa kuchimba. Karibu miaka 60 baadaye James Braid, mpasuaji wa Kiskoti aliyefanya kazi Manchester, aliziacha sumaku na kuandika mwaka 1843 kwamba siri iko katika kuielekeza akili yote kwenye jambo moja. Chama cha madaktari cha Uingereza kiliikubali hipnosisi kama tiba mwaka 1955, na cha Marekani mwaka 1958.

Anayekwenda akitarajia saa inayoning'inizwa kwenye mnyororo atashangaa. Sehemu kubwa ya kikao cha kwanza ni mazungumzo: unalala saa ngapi, unatumia dawa gani, kinachokukera ni nini, unataka nini kibadilike. Kisha unaketi, unakazia macho mahali pamoja ukutani, unafuata pumzi. Mtaalamu anahesabu taratibu na kukutaja viungo kimoja kimoja, kuanzia paji la uso hadi nyayo, kila kimoja kilegee. Anaweza kukuambia ujione ukishuka ngazi, au umekaa mahali unapopajua na unapopapenda. Macho hujifumba yenyewe. Si usingizi, kwa maana unasikia mlango ukifungwa kule nje na ungeweza kuinuka ukitaka. Ni hali inayofanana na ile ya msomaji aliyezama katika hadithi hadi akapitisha kituo chake.

Hapo ndipo mtaalamu anapotoa pendekezo. Kwa mtu anayefika nyumbani Uthiru na hasira ya barabarani, pendekezo linaweza kuwa kwamba kila honi atakayoisikia itamkumbusha kushusha mabega na kutoa pumzi ndefu. Honi ni ileile, ila imepewa kazi nyingine. Mwishoni anahesabu kurudi juu, unafungua macho, mnazungumza. Wengi huondoka na sauti iliyorekodiwa kwenye simu ili wajizoeze nyumbani, na kujizoeza huko ndiko kunakoleta matokeo. Kikao kimoja bila mazoezi ni sawa na somo moja la udereva.

Si kila mtu huzama kwa kiwango kimoja. Tangu mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Stanford kilipotoa vipimo vya kupima jambo hilo, imejulikana kwamba takriban asilimia 10 hadi 15 ya watu huzama sana, kiasi kama hicho huzama kidogo mno, na waliobaki wako katikati. Mwaka 2016 timu ya David Spiegel, wa chuo hichohicho, iliwachunguza ubongo watu 57 kwa mashine ya picha. Kwa wale wanaozama sana, shughuli ilipungua katika eneo la ubongo linalotusaidia kulinganisha mambo na kuamua lipi la kuhangaikia. Uhusiano kati ya sehemu inayopanga na ile inayohisi hali ya mwili ukaimarika. Kwa hiyo kuna kitu halisi kinachotokea kichwani, na si maigizo.

Hofu ya kushikwa akili

Mtu wa Nairobi ukimwambia habari ya hipnosisi, kitu cha kwanza kumjia akilini ni matapeli. Jiji zima linazo hadithi za mtu aliyesimamishwa River Road na mgeni mwenye maneno matamu, akatoa simu, pesa na hata namba ya siri, akazinduka wenzake wametokomea. Watu husema alishikwa akili, au alipuliziwa dawa.

Tapeli hana haja ya hipnosisi. Silaha zake ni haraka, tamaa na woga: bahasha ya pesa iliyookotwa mnayotakiwa kugawana sasa hivi, au jamaa yako aliyekamatwa anayehitaji kutumiwa pesa dakika hii. Kinachoitwa "mchele" na kutiwa kwenye vinywaji vya baa ni dawa za kulevya, na hizo huangusha hata asiyetaka. Hipnosisi ya kliniki inahitaji ridhaa, muda na ushirikiano wa mhusika. Pendekezo linalogongana na anachokiamini mtu huwa analikataa na kufungua macho. Hilo halifuti hatari ya mtaalamu asiye na maadili, ambaye anaweza kumtumia vibaya mteja aliyemwamini, lakini hatari hiyo ipo pia kwa daktari, mwalimu na mchungaji. Dawa yake ni usimamizi, na tutaufikia.

Hofu ya pili inatoka kanisani na msikitini: je, kulegeza akili namna hiyo hakufungui mlango kwa mapepo? Waumini wengi watapenda kujua kwamba mwaka 1957 Papa Pius XII, akizungumza na madaktari kuhusu ganzi, alikubali hipnosisi itumiwe na daktari kwa lengo la tiba, mradi tahadhari za kitabibu na maadili yazingatiwe. Mteja pia ana haki ya kuambiwa mapema maneno yatakayotumika, na ya kuomba yawe maneno ya imani yake. Asiyeridhika bado ana njia nyingine za kutulia, na hazipungui nguvu kwa sababu hazina jina la Kigiriki.

Inachoweza na isichoweza

Ushahidi upo, na una mipaka. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha majaribio kadhaa ya hipnosisi dhidi ya wasiwasi ulionyesha kwamba mwishoni mwa tiba, mtu wa wastani aliyepata hipnosisi alipungukiwa na wasiwasi kuliko takriban asilimia 79 ya wale ambao hawakuipata. Watafiti hao walisisitiza jambo ambalo matangazo hulificha: matokeo yalikuwa mazuri zaidi hipnosisi ilipochanganywa na tiba nyingine ya kisaikolojia kuliko ilipotumiwa peke yake.

Eneo jingine lenye ushahidi ni tumbo. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la wagonjwa wenye matumbo yanayovuruga, kujaa gesi na kuuma bila kidonda wala uvimbe kuonekana. Hipnosisi iliwasaidia kuliko tiba ya mazungumzo. Mwongozo wa tiba wa Uingereza sasa unaruhusu wagonjwa hao kufikiriwa kwa hipnosisi dawa zikishindwa kwa miezi 12. Nairobi imejaa watu wanaosema wana "ulcers" na wanaomeza vidonge kila mwezi wa karo. Wengine wana vidonda vya kweli, ambavyo mara nyingi huletwa na bakteria au dawa za maumivu na vina tiba yake hospitalini. Kwa hiyo kipimo kwanza. Kisipoonyesha kitu na tumbo likaendelea kufuata kalenda ya madeni, hapo kuna sababu ya kutazama msongo.

Isichoweza ni hiki. Hipnosisi haifai kwa mtu anayesikia sauti au kuona yasiyokuwepo. Huyo apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili. Si chombo cha kufukua kumbukumbu za utotoni, kwa kuwa akili iliyolegezwa inaweza kuunda kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea na kuiamini. Na hakuna pendekezo, hata litamkwe kwa sauti tamu namna gani, linaloweza kulipa deni.

Wanawake 421 na pumzi ya hesabu tatu

Swali la pili, kama utulivu ni wa wenye nazo tu, lilijibiwa hapahapa. Mwaka 2015, katika mitaa ya kipato cha chini pembezoni mwa Nairobi, watafiti wakiongozwa na Richard Bryant wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walifanya jaribio la mbinu iliyobuniwa na Shirika la Afya Duniani. Waliandikishwa wanawake 421 wenye msongo mkubwa, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipelekwa kwa wauguzi wa vituo vya afya kama ilivyo kawaida. Nusu nyingine walikutana ana kwa ana, mara moja kwa juma kwa majuma matano, na wahudumu wa afya ya jamii.

Wahudumu hao hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa mtaa mmoja na hao wanawake, waliopata mafunzo mafupi na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la PLoS Medicine: miezi mitatu baada ya vikao, msongo wa kundi la pili ulikuwa umepungua zaidi kuliko wa kundi la kwanza.

Utaratibu wa vikao hivyo vya dakika 90 unastahili kutazamwa kwa makini. Cha kwanza kufundishwa ni pumzi: kuvuta hewa hadi tumboni kwa hesabu ya tatu, kuitoa kwa hesabu ya tatu, bila haraka. Kisha mama anaorodhesha shida zake, anatenga zinazotatulika na zisizotatulika, anachagua moja, anaivunja vipande na kupanga cha kufanya juma hilo. Kisha anarudia shughuli alizoziacha kwa sababu ya huzuni, hata kama ni kufua au kwenda kwa jirani. Mwisho anatafuta nani wa kumwegemea. Pumzi inatangulia kwa sababu akili inayokimbia haiwezi kupanga, na mipango inafuata kwa sababu pumzi peke yake itamwacha mtu ametulia ndani ya shida ileile.

Mfano mwingine uko jirani. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Wale waliopata mafunzo walikaa kwenye vikundi na kusikiliza sauti iliyorekodiwa ikiwaongoza kutulia na kukabili mawazo magumu. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao. Anayelipia Kilimani kurekodiwa sauti ya kumtuliza, na mkimbizi aliyeketi kwenye mkeka akisikiliza kipaza sauti, wanafanya jambo lenye asili moja.

Zoezi la ndani ya matatu

Kwa anayetaka kuanza leo, matatu namba 46 ya Kawangware inatosha kuwa darasa. Ukishaketi, weka mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua taratibu hadi mkono uinuke, itoe taratibu hadi ushuke. Ukiweza kufanya pumzi inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia, bora zaidi, kwa kuwa moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi. Dakika tano zatosha. Mawazo ya deni yakija, usipigane nayo; rudi kwenye mkono na kitovu.

Foleni ikiganda pale Valley Road, ongeza zoezi la Jacobson. Kunja ngumi kwa nguvu ukihesabu hadi tano, achilia. Inua mabega hadi karibu na masikio, achilia. Kaza taya, achilia. Kanyaga sakafu kwa nguvu, achilia. Hakuna jirani atakayejua unafanya nini. Chagua neno moja fupi la kulitamka moyoni kila unapoachilia, liwe lilelile kila siku. Baada ya majuma machache neno hilo litaanza kuulegeza mwili lenyewe, na hiyo ndiyo hipnosisi ya kujifanyia. Anayeendesha gari asifumbe macho wala asisikilize sauti za kumzamisha. Yeye pumzi zinamtosha.

Mahali napo pana msaada wake. Arboretum, kati ya mji na Kileleshwa, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ambayo ingetoa kuni za magarimoshi. Leo ekari zake takriban 80 zina mamia ya aina za miti na vivuli vya bei nafuu kuliko kahawa ya Westlands. Karibu na mzunguko wa Globe, kingo za Mto Nairobi zilizokuwa jalala zimegeuzwa kuwa Bustani ya Ukumbusho ya Michuki. Anayefanya kazi katikati ya mji anaweza kufika huko na kurudi ndani ya saa ya chakula.

Nani wa kumwamini

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia wanaofanya kazi hizo nchini. Kwa hiyo anayejitangaza kuwa mtaalamu wa hipnosisi aulizwe kwanza: umesajiliwa kama nani? Je, ni daktari, mwanasaikolojia au mshauri nasaha, na namba yako ni ipi? Mafunzo ya hipnosisi yawe juu ya taaluma hiyo, si badala yake. Mkimbie anayeahidi kuponya kila kitu kwa kikao kimoja, anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa hospitalini, au anayekataa uende na mtu wako akusubiri nje.

Kuna hali zinazopita uwezo wa pumzi. Usingizi ukikosekana majuma mawili mfululizo, chakula kikikosa ladha, chupa ikiwa ndiyo njia ya kumaliza kila siku, au mtu akianza kuwaza kujiua, huo si msongo wa kawaida. Kenya imechelewa kulielewa hilo. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na sheria ya afya ya akili ikarekebishwa mwaka 2022. Hata hivyo, ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Anayezidiwa asiogope tena kusema. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupokea simu za watu kama hao.

Kazi ya mtu na kazi ya jiji

Miaka ya 1980, kundi moja la nyani alilolifuata Sapolsky lilikumbwa na kifua kikuu kilichotokana na nyama iliyotupwa jalalani kwenye hoteli ya watalii. Madume makali, yaliyozoea kwenda kuipigania nyama hiyo, ndiyo yaliyokufa. Waliobaki walikuwa majike, watoto na madume ya upole. Vipigo vilipungua, kukaa pamoja na kutoana chawa kukaongezeka, na nyani wa ngazi ya chini wakaacha kuonyesha dalili za msongo. La ajabu zaidi, madume mageni yaliyojiunga baadaye yalijifunza upole huo, na miaka zaidi ya kumi ikapita kundi likiwa limebaki hivyo. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2004, unasema msongo wa mnyonge hautegemei tu anavyopumua. Unategemea anavyotendewa na walio juu yake.

Ndiyo sababu mwajiri anayewalipia wafanyakazi wake kikao cha kutulia Westlands, kisha akawapigia simu za kazi saa tano usiku, amenunua dawa na kuendelea kuwapa ugonjwa. Vilevile kaunti inayosifu bustani zake iendelee kusimamia makelele ya mitaani, maana usingizi wa mkazi wa Kilimani hautegemei mazoezi yake peke yake.

Upande wa mtu binafsi, kazi iliyobaki ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Septemba 2023, katika Bustani ya Uhuru, serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wa vifaa kama mashine ya kupima shinikizo la damu. Watu wa aina hiyohiyo ndio waliowafundisha wanawake wale wa pembezoni mwa Nairobi kupumua na kupanga, na ikapimwa, na ikafaa. Kuongeza somo hilo kwenye mkoba hakuhitaji chumba chenye zulia wala mashine mpya. Kunahitaji mafunzo, msimamizi na posho inayolipwa kwa wakati. Mhudumu anayebisha hodi Kangemi kupima presha ya mama mwenye duka tayari ameketi naye. Dakika kumi zaidi zinatosha kumfundisha cha kufanya namba zikionekana kubwa kwa sababu ya mawazo, na kumuuliza ni shida ipi kati ya zile alizonazo waanze nayo.